Alisema Tuko Tayari

Mbunge wetu alikaa bungeni karibu miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikujua alipiga kura gani hata mara moja. Kura yetu sisi wananchi ilieleweka. Ulipewa karatasi yenye alama mbili, jembe na nyumba, ukaingia nyuma ya pazia la gunia, ukatia alama ya vema pale ulipopenda, ukatoka. Kura ya bungeni ni kitu kingine. Spika anauliza, wabunge wanaitikia kwa pamoja, na kitabu cha Bunge kinaandika kwamba hoja imeamuliwa na kuafikiwa. Nani aliitikia kwa moyo, nani alifumba mdomo, nani alikuwa anasinzia, kitabu hakisemi.

Mimi nimekuwa katekista tangu ujana wangu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kuitikia pamoja, kwa hiyo sina haki ya kuwacheka wabunge kwa jambo hilo. Lakini yako maneno ambayo mbunge wetu aliyasema akiwa amesimama peke yake, na maneno hayo yalimwondolea shemeji yangu mavuno yake ya ulezi ya mwaka mzima na hatimaye yakamwondoa Ufipa. Nilikuwa na sehemu yangu ndani ya maneno hayo, na nilichelewa sana kuijua. Nayaeleza jinsi yalivyokuwa.

Mbunge huyo nilisoma naye shule ya misheni. Tulikaa dawati moja, tukachapwa kwa makosa yale yale. Yeye alikuwa na kichwa chepesi na sauti nzuri. Padri alikuwa akimpa somo la Jumapili alisome mbele ya watu wazima. Alikwenda kusomea ualimu, akawa karani wa chama cha ushirika, na uchaguzi ulipokuja akagombea. Alama yake mwaka ule ilikuwa jembe. Siku ya kampeni mzee mmoja alisimama katikati ya hotuba akasema, "Jembe ninalo, na nyumba ninayo. Mgombea mwenye alama ya chumvi yeye hakuja?" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mpinzani wake alikasirika, lakini rafiki yangu aliandika neno hilo kwenye kijitabu chake, na kabla ya Krismasi chumvi ilikuwa imefika kwenye duka la ushirika. Tulimpenda kwa hilo. Nataka jambo hili likumbukwe, maana sikuja hapa kumchafua.

Sasa nieleze kuhusu matuta yetu, kwa sababu mgeni hawezi kuelewa hasara yetu asipoyaelewa. Sisi Wafipa hatulimi ulezi kwa kuchoma msitu. Mvua zikiwa zimekolea, mwezi wa pili na wa tatu, tunapindua majani na udongo wake kwa jembe, tunayarundika yawe vilima vya duara vinavyofika kiunoni. Majani yanaoza ndani. Vilima hivyo vinakaa kiangazi chote vikiiva kama chakula kilichofunikwa, na mvua za msimu unaofuata zikianza, tunavibomoa, tunausambaza udongo ule mweusi, ndipo tunapanda ulezi. Kwa hiyo anayerundika mwaka huu atakula mwakani. Ukimhamisha mtu katikati, umemwachia mgongo unaouma na hukumwachia kitu kingine.

Marehemu kaka yangu aliacha mjane na watoto watatu. Msimu ule ninaousimulia, huyo shemeji yangu alirundika matuta mengi kuliko wanaume wengi wa kitongoji chetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na mzaha mkali. Alikuwa akipita mlangoni kwangu na jembe begani ananiuliza kama nimemaliza kumchosha Mungu ili nije nimsaidie. Ulezi ule ndio ungemlipia kila kitu: uji wa watoto, pombe ya kuwaita watu wamsaidie kuezeka, mbegu.

Matuta yalipokuwa yamesimama, ndipo amri ikaja. Vitongoji vyote vya upande wetu vihamie kando ya barabara ya kwenda Laela, kijiji kimoja kikubwa cha ujamaa, na kazi iwe imekwisha kabla ya mvua. Kwa jambo lenyewe wengi hatukuwa na ugomvi. Tuliambiwa tutapata zahanati na shule, na mimi nilikwisha kuzika watoto wengi mno ambao dawa ndogo ingewaokoa. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya majira. Tulitaka mwaka mmoja tu, tubomoe matuta, tuvune, ndipo twende.

Wazee wakakutana, wakaamua iandikwe barua kwa mbunge wetu, aliyekuwa anatarajiwa kupita baada ya Pasaka akielekea kwenye kikao cha bajeti. Mwenye kalamu nilikuwa mimi.

Niliiandika kama nilivyolelewa. Kwetu mtu haanzi na haja yake. Anayekwenda kuomba kwa mkubwa anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anasifu, anakubali kila kitu, anajidogosha, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekuwa anasahau, anaitaja haja iliyomleta. Anayesikiliza anajua kungoja. Akisikia sifa anajua bado hatujafika. Basi ukurasa wa kwanza wa barua ile ulikuwa wa makofi tu. Niliandika kwamba sisi wananchi tunaishukuru serikali yetu, tumeipokea siasa ya vijiji kwa mikono miwili, na tuko tayari kuhamia mahali tutakapoonyeshwa. Ukurasa wa pili ulikuwa wa shukrani kwake mwenyewe, kwa chumvi na kwa mengineyo. Haja yetu ya kungojea mavuno ya ulezi ilikuwa chini ya ukurasa wa tatu, mistari minne, juu ya alama za vidole gumba za wazee. Niliwasomea wazee, wakaridhika sana. Mmoja alisema hajapata kusikia barua yenye adabu kama ile. Nakiri nilijisikia vizuri.

Mbunge alikuja, tukakutana naye nje ya kanisa. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akapiga makofi polepole kama tunavyofanya, akaitia mfukoni. Wazee walipoona makofi yale walisema neno limefika.

Asubuhi iliyofuata shemeji alinikuta kijitoni. Watu kadhaa walikuwa wameanza kuhama, maana aliyetangulia alijichagulia kiwanja karibu na maji. Akaniuliza ahame nao au asubiri.

"Subiri," nikamwambia. "Barua imeandikwa vizuri, na imepokelewa."

"Najua Mungu huwa anakusikiliza, shemeji," akasema. "Nauliza kama na serikali inakusikiliza."

Nilicheka. Nikamwambia mbunge ni mtu wetu. Akajitwika mtungi wake, akaenda zake.

Tulisubiri. Mwezi wa nane mgambo walifika na lori. Hawakuwa wakatili kuliko walivyoagizwa, wawili kati yao walikuwa vijana niliowabatiza mimi mwenyewe katika hatari ya kufa walipokuwa wachanga, na hawakuweza kunitazama. Walishusha mapaa ya nyumba ili tusirudi. Tulipofika kwenye kijiji kipya viwanja vya karibu na maji vilikuwa vimekwisha. Shemeji alipewa kiwanja cha mwisho, kwenye kokoto, mahali ambapo nguzo ya nyumba ilikataa kuingia ardhini.

Bado tulikuwa na tumaini la kurudi mahameni, kwenye vitongoji tulivyoviacha, mvua zikianza, kwa siku chache tu, tubomoe matuta na kupanda. Ilikatazwa. Walisema anayerudi kulima mahameni hatatoka tena huko, na kwamba nguvu zote ziende kwenye shamba la kijiji. Nikaenda kwa Katibu Kata kuomba ruhusa kwa ajili ya wajane peke yao. Alikuwa ni mtu wa kutoka mkoa mwingine, mchapakazi, amechoka.

"Wewe katekista," akasema, "Jumapili unahubiri utii, Jumatatu unakuja kuomba ruhusa ya kutotii?"

Nikamwambia tulikuwa tumeleta ombi kwa mbunge. Akanitazama kama mtu anayetaka kujua kama namfanyia mzaha. Akasema mbunge wetu mwenyewe amesimama bungeni, akasema watu wake wako tayari.

Nilitoka pale nikijiambia kwamba amesema vile ili kunifukuza. Sikumwamini, na leo najua kwamba sikutaka kumwamini.

Mvua zilipoanza shemeji alikwenda mahameni mara mbili, alfajiri, na mtoto wake mkubwa. Alikwisha kubomoa matuta kumi na kitu. Mara ya pili mgambo wakamkuta, wakamnyang'anya jembe. Hawakumpiga. Alirudi mikono mitupu, akapita mlangoni kwangu bila kuniuliza chochote kuhusu Mungu. Mwaka uliofuata matuta yale yaliota nyasi juu yake, na mpaka leo ukipita kule unaweza kuyaona, yamekuwa kama kitu kilichozikwa kwa haraka.

Alimaliza msimu mmoja wa njaa kwenye kokoto zile. Tulimpa tulichoweza, lakini sisi wenyewe tulikuwa tunakula mahindi ya kugawiwa. Kisha akafunga mzigo. Alikuwa na ndugu wa mama yake Kirando, huko ziwani, wanaokausha dagaa. Siku ya kuondoka alikuja kuaga kama ilivyo desturi, akapiga goti, watoto wakanisalimu shikamoo.  

"Uliniambia nisubiri, shemeji," akasema.  Wakashika njia ya kuteremkia ziwani.

Miaka ikaenda. Mbunge alichaguliwa tena, na tena. Mara alikuwa jembe, mara nyumba, na mimi nilimpigia kura zote hizo. Mara moja, baada ya Misa ya Kipaimara aliyokuja kuhudhuria, nilijikaza nikamuuliza alisema nini bungeni mwaka ule wa kuhama. Akanishika bega. Akasema, "Niliwasemea, bwana. Niliwasemea." Watu walikuwa wengi, wote wanataka mkono wake. Nikalibeba jibu lile nyumbani kama mtu aliyepewa noti asiyojua kama ni halali.

Na kwa haki ya Mungu alitusemea katika mengine. Zahanati ilikuja. Daraja lililokuwa likichukuliwa na maji kila masika lilijengwa kwa zege. Wavuvi wa ziwani walipata nyuzi za nyavu. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa mwisho kwenye zahanati ile, na muuguzi alisema pasipo msaada ule ningewapoteza wote wawili. Kwa hiyo ninapomkumbuka yule mbunge moyo wangu unakwenda huku na huku, na sijaweza kuutuliza mahali pamoja.

Alipoacha ubunge alihamia nyumba yake ya Milanzi, pale Sumbawanga mjini. Siku moja akaniita. Mkewe alikuwa amechoshwa na vitabu vya Bunge, majadiliano ya vikao vyote, vimejaa kwenye chumba cha watoto na panya wameanza kuvionja. Mtu wa kusoma niliyebaki naye ni wewe, akasema, chukua. Nikavipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nikavipeleka kijijini.

Nilivisoma kiangazi kizima, kila siku baada ya rozari ya mchana. Kwanza nilitafuta jina lake tu, kisha nikazoea nikawa nasoma yote. Nilimwona akiuliza barabara itatengenezwa lini, akajibiwa ni fedha zikipatikana. Mwaka uliofuata akauliza tena, akajibiwa vile vile. Aliuliza hivyo mara nyingi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya waliomjibu. Nilimwona akiwatania mawaziri kwa adabu, wabunge wakipiga makofi. Lakini sikuona mahali popote aliposema hapana. Kila hoja iliamuliwa na kuafikiwa, na yeye yumo ndani yake kama chumvi ndani ya mchuzi, huwezi kumtenga.

Kisha nikafikia kikao cha mwaka wa kuhama. Alikuwa amesimama kuchangia, na ukurasa wote ulikuwa wake. Akaeleza kuhusu mkoa wetu, uzuri wa udongo wake, ubovu wa barabara. Ndipo akasema kwamba wako wanaodai wananchi wanalazimishwa, lakini yeye anayo barua mkononi kutoka kwa wananchi wake mwenyewe, iliyoandikwa na mtu wa dini asiyesema uongo. Akasoma. "Tumeipokea siasa ya vijiji kwa mikono miwili, na tuko tayari kuhamia mahali tutakapoonyeshwa." Kitabu kinasema hapo wabunge walipiga makofi. Akashukuru, akakaa.

Nilisoma mistari yangu mwenyewe iliyopigwa chapa. Koma niliyoitia mahali pasipotakiwa, niliyokuja kuijutia baadaye, wao walikuwa wameitoa. Nikafunga kitabu, nikakaa. Mke wangu aliniuliza kama ni malaria.

Kesho yake nilipanda lori la mahindi mpaka mjini, nikatembea mpaka Milanzi. Nilimkuta anapogoa miti yake ya pichi. Hakujifanya haelewi. Aliniletea kiti, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema alikuwa anajua siku hii itakuja tangu aliponipa vile vitabu, na labda ndiyo sababu alinipa mimi.

Nikamuuliza kama alifika ukurasa wa tatu.

"Mimi ni Mfipa kama wewe," akasema. "Nilijua neno liko mwisho. Lakini mwaka ule ungesema ngoja, ungeitwa adui. Nilikuwa natafuta kitu cha kusema, na ninyi mlinipa ukurasa wa kwanza mzuri mno."

"Ukurasa wa kwanza ni makofi," nikasema. "Wewe unajua ni makofi."

"Najua. Wao hawakujua."

 Baadaye akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake majukwaani, kwa nini sikuandika haja yetu juu kabisa, mstari wa kwanza. Akasema kama ingekuwa pale asingeweza kuisoma barua ile bungeni, ingekaa mfukoni mwake na angekaa nayo kimya, na huenda kimya chake kingetufaa zaidi.  Nilimwambia ndivyo tulivyofundishwa kuomba. Akasema ndiyo, na yeye ndivyo alivyofundishwa kuitikia. Tulikunywa chai. Mkewe alinifungia pichi kwenye gazeti, nikashukuru, nikaondoka. Sikumchukia. Ningependa kusema nilimsamehe pale pale, lakini ilinichukua muda, na bado kuna asubuhi nyingine ninapoianza kazi hiyo upya.

Nilikwenda kwa Padri, nikaungama. Nilisema nimemshuhudia mtu uongo bila kujua. Padri, kijana kuliko watoto wangu, aliniuliza kama yule niliyemdhuru yu hai. Nikasema yu hai. Akasema basi nawezaje kutokijua kitubio changu.

Nikaomba nafasi kwenye gari la mfanyabiashara mmoja wa mjini lililokuwa likienda Kirando kuchukua dagaa. Dereva aliposikia nakwenda kumwona shemeji yangu ambaye sikumwona kwa zaidi ya miaka kumi, alisema deni kubwa kama hilo haliendewi mikono mitupu, akasimama njiani nikanunua ulezi debe moja. Baadaye nilijuta; nilipomkabidhi niliona jinsi alivyoutazama.

Alikuwa amezeeka kwa jua. Watoto wake walikuwa watu wazima, wana mitumbwi. Alinipokea vizuri, akaniwekea mkeka penye kivuli cha ukuta, yeye akaendelea kugeuza dagaa waliotandazwa mchangani, maana mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Nikamweleza yote, barua, ukurasa wa kwanza, Bunge, makofi. Nilikuwa nimebeba kitabu chenyewe. Nikamsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akauliza, "Jina langu lilikuwamo?"

"Halikuwamo. Niliandika sisi wananchi."

"Na mlipokuwa mnaiandika, mliniuliza?"

Nikasema walikutana wazee. Wanawake hawakuitwa.

Akageuza mstari mzima wa dagaa kabla hajanijibu. "Basi mimi sikuwa tayari," akasema. "Ungeniuliza, ningekwambia. Sikuwa tayari hata kidogo. Wewe ni mtu wa kalamu, shemeji. Andika hilo."

Nikamwambia tumekuwa wazee, Bunge lile limekwisha, hakuna atakayelisoma.

"Nimesema andika. Sikusema lisomwe."

Nikamwomba msamaha.  Aliniambia nishike upande wa pili wa turubai, mvua inakuja, tukafunika dagaa wake pamoja.

Ndiyo sababu naandika. Mwaka ule, katika kitongoji chetu, shemeji yangu hakuwa tayari. Mimi pia sikuwa tayari, ingawa mkono wangu uliandika kwamba niko. Wengine siwezi kuwaandikia. Sikuwauliza wakati ule, na wengi wao sasa hawaulizwi tena.